Fungate ya baridi: Walifuata jua baharini, wakapewa moto



Lugha yetu ina neno zuri ambalo siku hizi tunalitumia bila kulitazama. Neno hilo ni fungate. Ukiuliza maana yake, wengi watakuambia ni mapumziko ya maharusi: hoteli ya ufukweni, picha za machweo, na glasi yenye kipande cha nanasi ukingoni. Lakini kwa asili yake fungate ni hesabu. Ni saba. Wasambaa na Wazigua wakihesabu kwa lugha zao, baada ya sita husema mufungate au mfungate. Waswahili wa zamani nao walikuwa na neno hilo kabla saba ya Kiarabu haijachukua nafasi yake. Likabaki kwenye harusi tu, likimaanisha siku saba za bwana na bibi harusi kukaa ndani, kuletewa chakula na kuhudumiwa na somo, pasipo kutumwa kisimani wala shambani.

Maandiko Matakatifu yanaijua fungate hiyo. Labani alimtaka Yakobo amalize kwanza juma la Lea kabla ya kupewa Raheli (Mwanzo 29:27). Karamu ya harusi ya Samsoni ilipangwa kuwa ya siku saba (Waamuzi 14:12). Mzee Ragueli, alipoona mkwewe Tobia ameamka salama baada ya usiku wa kwanza, aliongeza siku zikawa kumi na nne (Tobiti 8:20). Na Torati ilimwondolea bwana harusi wajibu wa kwenda vitani kwa mwaka mzima, akae nyumbani na kumfurahisha mkewe (Kumbukumbu la Torati 24:5). Taifa dogo lililozungukwa na maadui liliona ni afadhali jeshi lipungukiwe na askari mmoja kuliko nyumba mpya ipungukiwe na mume.

Mungu, basi, hana ugomvi na fungate. Ninachotaka tutafakari Dominika hii ni swali jingine: fungate ni ya nini? Na inakuwaje pale kila kitu kilichopangwa kinapokwenda mrama, hata hali ya hewa ikakataa kushirikiana na kamati ya harusi?

Wako vijana wawili ambao wameniruhusu nisimulie habari yao bila kuwataja majina. Bwana harusi ni fundi umeme, mzaliwa wa Njombe. Bibi harusi ni mwalimu wa shule ya msingi, amezaliwa na kukulia Dar es Salaam. Walifunga ndoa Jumamosi ya kwanza ya Oktoba. Kijana alikuwa ameandaa jambo la kumshtukiza mwenzake. Wangepanda basi la kusini, waache Barabara ya Kilwa pale Bungu, washuke kama kilomita 40 hadi bandari ndogo ya Nyamisati wilayani Kibiti, kisha wavuke kwenda Mafia kumwona potwe. Potwe ni papa mkubwa kuliko samaki wote duniani, lakini mpole. Huonekana katika maji ya Mafia kuanzia Oktoba hadi karibu na Machi. Wageni hutoka Ulaya kuja kuogelea naye, na Watanzania wengi hatujawahi hata kumsikia.

Wazo lilikuwa zuri. Tatizo ni kwamba mwenzake hakuulizwa.

Upepo uliosahau kuondoka

Msomaji wa bara anaweza kushangaa kusikia habari za baridi ya pwani. Watu wa pwani wanaijua na wameipa jina: kipupwe. Kusi linapovuma, kuanzia karibu na Aprili hadi Septemba, hubeba hewa kutoka upande wa kusini wa Bahari ya Hindi, na kati ya Juni na Agosti hewa hiyo hupoza pwani nzima. Kisha huja maleleji, majira ya upepo kubadilika, ambapo bahari hutulia na jua huanza kuuma. Baada ya hapo kaskazi hushika zamu. Kwa mpangilio huo mabaharia wa pwani yetu wamesafiri kwa karne nyingi kati ya Kilwa, Zanzibar, Uarabuni na Bara Hindi.

Lakini upepo hauna kalenda ukutani. Iko miaka ambayo kusi huonekana limeondoka, kisha likarudi kama mgeni aliyesahau mwavuli. Ndivyo ilivyokuwa juma lile. Maharusi walishuka Nyamisati Jumatatu mchana wakakuta mbingu ya rangi ya majivu, mvua nyembamba inayopigwa na upepo kwa ubavu, na mawimbi meupe mbele ya bandari. Katika begi lao walikuwa na nguo za kuogelea, kofia mbili za ukindu, miwani ya jua na mafuta ya kujikinga na jua. Sweta hapakuwa na hata moja. Bibi harusi alikuwa ametaka kufunga mbili, mwenzake akacheka: mtu aliyezoea kuota moto Njombe mwezi wa Julai atishwe na baridi ya Kibiti?

Nahodha aliyekuwa awavushe alikuwa mzee wa makamo ya kuitwa babu. Vijana walimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akawaambia kwa upole kwamba leo hakuna safari. Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa. Hata isingetoa, yeye mwenyewe ana macho.

Kijana akaongeza nauli. Mzee akatikisa kichwa. Kijana akaongeza tena, na sauti nayo ikapanda.

"Mwanangu," mzee akamwambia, "hiyo pesa nikiichukua, nani atakwenda kumrudishia mama yako?"

Watu wa pwani hiyo wana sababu ya kusikiliza tahadhari. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia na pwani yetu, jambo ambalo wengi wetu tulizoea kulisikia likitokea Msumbiji na Madagaska. Vyombo vya usafiri kati ya Dar es Salaam na Zanzibar vilisimamishwa. Hapo kabla, Aprili ya mwaka huohuo, mafuriko ya Mto Rufiji yalikuwa yamekwisha kuzamisha mashamba na kuhamisha familia katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Aliyeona hayo hashindani na wingu kwa ajili ya nauli. Bahari haishi zinge, walisema wahenga.

Jioni ile, ndani ya chumba cha nyumba ya wageni chenye shuka moja jepesi, maneno yalitoka. Bibi harusi alisema, "Ungeniuliza." Neno moja tu, lakini ndani yake mlikuwa na ukumbi ambao hakuuchagua, orodha ya wageni ambayo hakuiona, na michango iliyokwisha kabla ya deni la mpambaji kulipwa. Bwana harusi naye alijibu neno ambalo hakunirudia, na sikumtaka alirudie. Wakalala kila mmoja ameupa ukuta uso. Ilikuwa siku ya tatu ya ndoa yao.

"Padri," yule binti aliniambia baadaye, "usiku ule nilikuwa nimeshika simu. Nilitaka kumwambia mama aje anichukue."

Msitu wenye mizizi ya kupumua

Naomba nikutembeze kidogo mahali penyewe, kwa sababu pana la kutufundisha. Mto Rufiji hukusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, ukayabeba hadi baharini. Kabla ya kuingia baharini hugawanyika ukawa matawi mengi, na kati ya matawi hayo umeota msitu wa mikoko wenye ukubwa wa hekta zipatazo 53,000. Hakuna msitu wa mikoko mkubwa kuliko huo katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Boriti zake zimejenga nyumba za Lamu, Zanzibar na Uarabuni kwa karne nyingi. Mwaka 2004 eneo lote la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya Ramsar, yaani ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima.

Mti wa mkoko huishi mahali ambapo mti wa kawaida ungekufa. Miguu yake imo kwenye tope lisilo na hewa, na mara mbili kila siku maji ya chumvi humfunika kiunoni. Mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui, ili wimbi lipite katikati bila kumwangusha. Mchu hupandisha vijizizi juu ya tope kama penseli zilizochomekwa, navyo huvuta hewa maji yanapokupwa. Mti huo haungoji maji yawe matamu ndipo uishi. Umepewa namna ya kupumua mahali palipobana.

Humo ndani kuna watu. Wako Wandengereko, Wanyagatwa na wengine, wavuvi wa kamba na wakulima wa mpunga, na walio wengi ni Waislamu. Mkulima wa Rufiji hujenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, akalala humo kulinda mpunga dhidi ya nguruwe na viboko, na kuokoka maji yanapopanda. Kwa miezi mingi ya mwaka familia huishi humo: baba, mama, watoto na chungu cha wali.

Jina la Kibiti liliwahi kutajwa kwa hofu. Katika miaka ya 2016 na 2017 viongozi wa vijiji na askari polisi waliuawa huko, na tuliwaombea marehemu na familia zao katika parokia zetu. Shangazi mmoja wa bibi harusi aliposikia wamekwenda wapi aliangusha kikombe. Hofu yake ilikuwa ya haki wakati wake, lakini mahali si ule mwaka wake mbaya tu, kama ambavyo mtu si siku yake mbaya tu. Hilo nalo wanandoa walikumbuke.

Maji yalipokupwa

Asubuhi ya Jumanne nahodha alikuja mlangoni. Bahari ya Mafia bado ilikuwa imefungwa, alisema, lakini ndani ya hori za mikoko kuna utulivu. Akiwaonea huruma kwa safari yao iliyoharibika, atawatembeza kwa mtumbwi wake, wakaone ndege na kambi ya wavuvi. Walikubali, nadhani, kwa sababu kukaa chumbani kimya kulikuwa kugumu zaidi.

Walizunguka katika vijia vya maji kwa saa mbili. Nahodha aliwaonyesha kwa pondo upande wa Salale, akawasimulia habari ambayo kila mtoto wa huko anaijua. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus pale Zanzibar, kisha ikaja kujificha humu ndani ya mikoko. Ilijificha vizuri, na kwa miezi mingi Waingereza hawakuweza kuifikia. Lakini haikuweza tena kutoka. Julai 1915 ilipigwa kwa mizinga, na mabaharia wake wakamalizia kuizamisha kwa mikono yao wenyewe. Nimewafahamu waume na wake ambao ndoa zao zilikwisha kwa njia hiyo. Mmoja alijificha kwenye kazi, mwingine kwenye simu, mwingine kwenye baa au hata kwenye kwaya, hadi siku walipotaka kutoka na wakakuta mlango wa mto umezibwa.

Mvua ikaongezeka. Walipogeuza, maji yalikuwa yamekupwa mno. Mtumbwi ukakwama kwenye tope, katikati ya mizizi, na nahodha akakunja pondo lake akasema maneno ambayo mtu wa mjini hapendi kuyasikia: "Sasa tunangoja maji." Hakuna wa kumpigia simu. Hakuna wa kumwongezea nauli. Maji hujaa yanapojaa.

Walingoja zaidi ya saa tatu, wameloa, upepo ukipita ndani ya nguo za likizo. Na hapo, msomaji wangu, ndipo yule mtu wa Njombe alipoanza kutetemeka kuliko mwenzake. Baridi ya nyumbani kwao ni kavu na ina blanketi. Hii ilikuwa ya maji na upepo juu ya ngozi iliyoloa, nayo hunyang'anya mwili joto haraka. Mkewe alikuwa na khanga moja, nayo ilikuwa haijaloa sana. Aliitazama. Alinieleza kwa uaminifu kwamba aliifikiria kwa muda. Kisha akaifungua, akamvuta mwenzake, wakajifunika pamoja.

Mwandishi wa kitabu cha Mhubiri, mtu ambaye hakuwa mwepesi wa kusifia mambo, anatoa sababu chache za kwa nini wawili ni afadhali kuliko mmoja. Hazungumzii mapenzi ya kwenye kadi. Anazungumzia kazi yenye faida, kuinuana mtu anapoanguka, kulindana dhidi ya adui, na, jambo la kushangaza, kutiana joto usiku. Anauliza huyo aliye peke yake atapataje joto (Mhubiri 4:9-12). Nimelisikia somo hilo likisomwa katika Misa nyingi za ndoa, ukumbini pakiwa na viyoyozi. Wale wawili walilisikia likisomwa na tope la Rufiji.

Chini ya khanga ile yeye ndiye aliyeanza. "Nisamehe. Nilitaka ufurahi, nikasahau kukuuliza unafurahia nini." Mkewe akamjibu kwamba hata yeye alikuwa amenyamaza miezi sita ya maandalizi, akiweka akiba ya hasira badala ya kusema. Waliongea hadi maji yakafika. Waliongea habari za deni la mpambaji, za mama mkwe, za lini wapate mtoto, na za mshahara wa nani utalipa kodi ya nyumba. Nahodha alikaa mwisho wa mtumbwi, amewapa mgongo, akitazama ndege kwa bidii nyingi sana.

Moto wa Malta na moto wa Rufiji

Maji yalipojaa giza lilikuwa linaingia. Nahodha hakuwarudisha Nyamisati moja kwa moja. Aliwapeleka kwanza kwenye dago la wavuvi lililokuwa karibu. Palikuwa na vibanda vichache vya makuti na moto mkubwa. Mama mmoja mtu mzima alimwona binti akishuka anatetemeka, hakungoja utambulisho. "Mwanangu, vua hizo nguo mbichi," akamwambia, akamwingiza kibandani, akamtoa amejifunga khanga zake mwenyewe. Bwana harusi alipewa msuli na koti la mvuvi lenye harufu ya samaki. Wakakalishwa motoni. Wakaletewa chai ya tangawizi, kisha wali na samaki wa kuchoma. Ilipojulikana kwamba ni maharusi, mama yule alicheka hadi machozi, akasema hajapata kuona watu waliokuja kuoa bahari.

Wenyeji wale waliswali swala yao ya magharibi pembeni, wakarudi kuendelea kuwahudumia. Kijana alipotoa pochi, mzee wa kambi aliusukuma mkono wake kwa upole. "Mgeni wa Mungu halipi moto, mwanangu."

Nilipowasikiliza nilimkumbuka Mtume Paulo. Katika Matendo ya Mitume sura ya 27, meli iliyombeba akiwa mfungwa ilipigwa na dhoruba kwa majuma mawili. Watu wake walisafiri katika majira yasiyofaa kwa sababu wenye meli hawakutaka kusikia ushauri. Hatimaye ikavunjika, na watu wote 276 wakafika nchi kavu wakiwa hai. Kisiwa kilikuwa Malta. Luka anatuambia (28:2) kwamba wenyeji waliwapokea kwa wema ambao hakuuzoea, nao waliwasha moto kwa kuwa mvua ilikuwa ikinyesha na kulikuwa na baridi. Wenyeji hao hawakuwa Wakristo na hawakumjua Paulo. Hawakuuliza nani ni mfungwa na nani ni askari. Waliona watu wameloa.

Ninaandika hili kwa makusudi. Wako waamini wanaodhani wema wa Mungu huja kwa mkono wa mtu wa parokia yao tu. Katika pwani yetu, ambapo kengele na adhana husikika asubuhi moja, Mungu ana kuni sehemu nyingi. Ukiwa umeloa, usianze kumhoji aliyewasha moto. Na ukiwa na moto, usianze kumhoji aliyeloa.

Kristo mwenyewe, baada ya ufufuko, aliwangoja wanafunzi wake ufukweni asubuhi, na alichowaandalia kilikuwa moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate (Yohane 21:9). Walikuwa wamekesha usiku kucha pasipo kupata kitu. Alianza kwa kuwaita waje kula. Maswali mazito kwa Petro yalifuata baada ya chakula.

Tunachojifunza

La kwanza ni kwa vijana wanaojiandaa. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alisikitika kwamba maandalizi ya sherehe, mavazi na karamu humaliza fedha na nguvu za wachumba hadi wanafika siku yenyewe wamechoka, wakati walipaswa kufika wakiwa na nafasi ya kuonja hatua kubwa wanayoichukua. Kwetu ongeza vikao vya kamati, kicheni pati, sendofu na madeni. Nawasihi, kabla ya kukubaliana rangi ya mapambo, kaeni wawili tu mzungumze yale ambayo wale vijana walizungumza kwenye tope: fedha, wakwe, watoto, kazi. Usingoje kukwama ndipo useme. Na jambo la kumshtukiza mwenzako ni zuri ukimpa ua. Si zuri ukimpa maamuzi.

La pili ni kwa wazazi, wasimamizi na marafiki. Fungate ya wazee wetu ilikuwa na mlango uliofungwa. Ya sasa ina dirisha lisilo na pazia, jina lake ni simu. Tunawadai maharusi picha kila siku, tukiona hawakutuma tunaanza kunong'ona. Hivyo tunawafundisha kuonekana na furaha kabla hawajajifunza kufurahi. Wapeni siku saba za kuachwa. Kwa wasio na uwezo wa kusafiri, chumba kimoja cha kupanga, jirani mwema wa kuleta uji, na simu iliyozimwa ni fungate kamili. Tobia na Sara hawakwenda popote usiku wao wa kwanza. Waliinuka kitandani wakamwomba Mungu awahurumie na kuwajalia wazeeke pamoja (Tobiti 8:4-8).

La tatu ni kwako wewe ambaye fungate yako ilipita miaka kumi au ishirini iliyopita. Iko baridi ya msimu, ambayo kila ndoa huipata: ugonjwa, kukosa kazi, mtoto mchanga anayelia usiku. Hiyo watu huitarajia na kuikusanyia kuni. Lakini iko baridi isiyo ya msimu. Watoto wamekua, nyumba imejengwa, madeni yamekwisha, majira ambayo jua lilipaswa kuwaka, na ghafla mnakuta hamna la kuambiana zaidi ya bei ya gesi. Hamjagombana. Mmepoa tu. Nawajua wengi walio hivyo, nao huja kanisani kila Dominika wakikaa benchi moja.

Kwao nasema lile alilolisema nahodha: sasa tunangoja maji. Lakini kungoja si kukaa kila mmoja upande wake wa mtumbwi. Ngojeni chini ya khanga moja. Anayekuwa na joto zaidi leo aifungue kwanza, hata kama jana ndiye aliyekosewa. Semeni neno moja la kweli kwa siku. Ombeni pamoja, hata kama ni Baba Yetu moja kabla ya taa kuzimwa. Mkiona mmeshindwa, tokeni mwende kwenye moto wa mtu mwingine: wasimamizi wenu wa ndoa, jumuiya ndogondogo, paroko, mzee mwenye hekima. Si aibu kupokelewa mkiwa mmeloa.

Naomba nieleweke. Sisemi mtu avumilie kipigo, matusi ya kila siku au hatari kwa watoto wake, akiambiwa ni baridi itapita. Nahodha yule hakuwapeleka vijana baharini ili wajifunze uvumilivu, aliwazuia wasife. Tahadhari inapotolewa, mtu asilazimishwe kuvuka. Mwenye kuishi katika hatari atafute msaada, na Kanisa limpokee bila kumhukumu.

Kana ya Galilaya pia kulikuwa na harusi ambayo mambo yake yaliharibika kabla ya wakati. Divai iliisha. Bikira Maria aliona upungufu mapema, akaupeleka kwa Mwanae bila kumtangazia mtu yeyote ukumbini (Yohane 2:1-11). Yesu hakuwapa divai kutoka mbinguni moja kwa moja. Alitumia maji yaliyokuwepo na mabalasi yaliyokuwepo, na watumishi wakayajaza hadi juu kwa jasho lao. Neema hufanya kazi na tulicho nacho, hata kikiwa khanga moja na koti la mvuvi.

Jumapili hii, kabla hujalala, mfanyie mwenzako jambo dogo la kumtia joto: mchemshie chai, mfunike, muulize swali ambalo hujamuuliza muda mrefu kisha usikilize jibu. Nawe uliye peke yako, mjane, mgane au usiye na mwenza, Mhubiri alipouliza habari za joto hakukusahau. Jumuiya ya waamini ipo ili usiwe peke yako, na kama imekusahau, tukumbushe. Na kama jirani ana harusi wiki hii, badala ya kumuuliza wanakwenda fungate wapi, mpelekee chungu cha chakula mlangoni, ubishe hodi, ukiweke, uondoke.

Mungu aliyewatia joto wale 276 kwenye ufuko wa Malta awashe moto katika nyumba zetu. Nawatakia nyote Dominika njema yenye amani.